Mguu wa Kushoto wa Ilmari Lapinoja

Mechi ya tano ilipokwisha, Ilmari Lapinoja alikuwa amepitwa mara tatu upande uleule na mtoto yuleyule, na mara mbili kati ya hizo kisahani, kile kiduara kigumu kinachopigwa kwa magongo katika hoki ya barafuni, kiliishia wavuni. Mtoto huyo aliitwa Niilo Sarvela, winga wa timu pinzani, wa miaka ishirini, mwenye mashavu ya kunyolewa mara moja kwa wiki. Ilmari alikuwa na miaka thelathini na saba. Beki akipitwa mara moja, watu husema bahati mbaya. Akipitwa mara ya pili, husema amechoka. Mara ya tatu hawasemi kitu, wanamtazama tu anapovua helmeti, na hilo ndilo baya kuliko yote.

Kocha Raimo Tuhkala alimsubiri koridoni. Katika mji wa Kivisalmi mtu akitamka sentensi tatu mfululizo huulizwa kama ameonja kitu, na Tuhkala alikuwa bubu hata kwa vipimo vya kwao.

"Lapinoja."

"Naam."

"Jumamosi unacheza, na akikupita tena palepale, msimu ujao sina nafasi yako." Akautazama ukuta kana kwamba ndio uliokuwa na kesi. "Nipe sababu ya kukuongezea mwaka."

Akaenda zake. Hesabu ilikuwa nyepesi: nusu fainali humalizwa na anayetangulia kushinda mechi nne, Kivisalmi walikuwa wameshinda mbili na wapinzani wao tatu, na mkataba wa Ilmari ulikuwa unakwisha Aprili. Mwaka mmoja tu ndio aliokuwa akiuomba. Misimu kumi na tisa alikuwa ameila barafuni, na kwa misimu yote hiyo alikuwa amefunga mabao arobaini na moja, ambayo mshambuliaji mzuri huyapata kwa msimu mmoja na nusu. Lakini kazi ya beki ni kama kazi ya kufagia nyumba, ukiifanya hakuna anayeiona, usipoifanya hata mgeni anaiona. Alikuwa ameacha meno manne katika viwanja vinne tofauti. Alijua kwenda kinyumenyume kuliko watu wengi wanavyojua kwenda mbele. Na aliipenda kazi hiyo, tusizunguke mbuyu, aliipenda kiasi kwamba hakuweza kuiwaza Septemba isiyo na mazoezi.

Mwingine angekasirika, angevunja gongo ukutani, angemlaumu refa. Ilmari alikuwa na ugonjwa wake mwingine, udadisi. Tangu utotoni hakuweza kuona kitu kinafanya kazi asikifungue, wala kuona kitu kimeharibika asiulize kilianzia wapi. Stoo ya nyumbani kwake ilikuwa na mashine tatu za kahawa zilizofunguliwa zisirudi kufungwa, na mkewe Saija alikuwa amepiga marufuku bisibisi jikoni. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, swali alilokwenda nalo uwanjani halikuwa "nifanye nini?" Lilikuwa "kwa nini pale?"

Alianza na video. Akajitazama akirudi kinyumenyume, Niilo akija kwa kasi na kisahani kwenye gongo, kisha Niilo akipotea upande wa kushoto wa Ilmari, kati ya Ilmari na ubao unaouzunguka uwanja, kana kwamba pale pamewekwa mlango. Akarudisha. Akatazama tena mara ishirini. Aliona amepitwa, lakini sababu hakuiona.

Kuuliza si ujinga, kwa hiyo akabeba viatu vyake vya barafu mpaka kwenye kachumba ka Heimo.

Heimo alikuwa mnoa viatu wa timu. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka sikio moja likafa kwa kelele, akastaafu, akahamia kwenye jiwe la kunolea. Alikipindua kiatu cha kushoto chali, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, taratibu, kutoka kisigino hadi vidole. Chuma cha kiatu cha barafu kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati kuna mfereji.

"Haya ya ndani yamekwisha tena," alisema Heimo.

"Yamekwisha vipi? Umenoa juzi."

"Ya kushoto ya ndani huisha kabla ya mengine yote. Mwaka wa sita huu."

"Miaka sita! Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Ilmari aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Haya, mzee, leo nakuuliza. Kwa nini?"

Heimo alimmiminia kahawa kwanza, kwa sababu jambo zito halisemwi mtu akiwa mikono mitupu. "Kile kifundo cha mguu ulichovunja miaka sita iliyopita. Uliporudi, ukawa unauweka mguu ule chini mapema kidogo, kabla hujageuka. Unaupima. Kama mtu anayepanda ngazi mbovu, anajaribu kidato kwanza ndipo anakikanyaga."

"Mimi siogopi."

"Nani kasema wewe? Mguu ndio unaogopa. Wewe hujaulizwa."

Ilmari akarudi kwenye video mbio, kahawa ikimwagika njiani. Safari hii aliipeleka picha moja moja. Hapo! Mguu wa kushoto unatua, makali ya ndani yanauma barafu, na mtu aliyeukita mguu wa kushoto namna hiyo hana budi kusukumwa kulia. Kushoto kwake panabaki wazi, peupe, kama uwanja wa gwaride. Lakini lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Yeye mwenyewe, mwenye mguu, alihitaji mashine kuliona. Mtoto anayekuja kwa mwendo wa pikipiki aliliona vipi?

Kitendawili hicho kilimfurahisha, mtu wa ajabu yule, kikamsahaulisha mkataba kwa muda wa saa nzima. Halafu akakumbuka kwamba Niilo hakuwa wa kwanza. Mwezi wa kumi alipitwa vilevile na kijana wa timu moja ya kusini. Wiki ya Krismasi akapitwa vilevile tena huko kaskazini. Vijana watatu, timu tatu, makocha watatu wasiosalimiana hata harusini. Jioni alikaa mezani, akayaandika majina matatu nyuma ya pakiti ya kahawa, akayakodolea macho.

Saija alipita nyuma yake na sahani ya samaki, akasoma kwa kuchungulia juu ya bega lake, akaangua kicheko.

"Ya nini kuwaandika hawa wala mikate yangu?"

"Wala nini?"

"Ilmari! Hawa watatu si walikuwa wako wa Julai? Huyu wa kaskazini alikula mikate tisa ya mdalasini siku moja, mama yake akanipigia simu. Na huyu Niilo ndiye aliyekuwa anauficha mmoja kwenye glavu."

Hapo Ilmari akaweka kalamu chini.

Kila Julai, kwa miaka kumi na zaidi, aliwafundisha watoto kwa siku kumi katika uwanja wa Kivisalmi. Makocha wengine hupanga koni, watoto wakazizunguka. Ilmari alizidharau koni. "Koni haina kiuno," alikuwa akisema, "beki anapitwa kiunoni." Basi alijiweka yeye mwenyewe. Alirudi kinyumenyume, watoto wakamjia mmoja mmoja, na kila aliyempita alipewa mkate wa mdalasini uliookwa na Saija. Siku ya kwanza hakuna aliyepita. Siku ya kumi sinia lilikuwa tupu kabla ya chakula cha mchana, na Ilmari alirudi nyumbani kifua mbele, akimwambia mkewe kwamba kweli Mungu amempa kipaji cha kufundisha.

"Walinizunguka mara elfu moja," alisema sasa, polepole. "Elfu moja, Saija. Na kifundo kikiwa kimeshavunjika. Sikuwafundisha kumpita beki. Niliwafundisha kunipita mimi."

"Na mimi nikawalipa kwa mikate!"

Saija alicheka mpaka akashika meza. Ilmari naye akacheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekilisha kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mdalasini na sukari. Kisha Saija akamwekea mkono kwenye kipara chake kilichoanza.

"Nikwambie ukweli? Mimi huo mwaka mmoja siutaki. Nimechoka kukusikia ukishuka ngazi asubuhi kama kabati linaloburutwa. Lakini sitaki utoke kwa kupitwa. Nataka utoke kwa miguu yako."

"Sitoki," alisema Ilmari. "Sasa najua wanachokijua."

Na mpango aliokuwa nao ulikuwa mzuri, lazima tumpe haki yake. Mguu ule hauachi tabia ya miaka sita kwa siku mbili, kwa hiyo hakujaribu kuuachisha. Aliamua kuufanya chambo. Angeuweka mapema kama kawaida, lakini bila kuupa uzito, uzito wote angeuacha kwenye mguu wa kulia, na Niilo akishachagua njia yake ya siku zote, angemkuta mwenye mlango amesimama mlangoni. Alhamisi na Ijumaa alibaki barafuni wenzake walipoondoka. Alianguka mara nyingi, makalio yakawa ya buluu. Heimo alisimama pembeni na kikombe chake, akitikisa kichwa kila alipokosea, na Ijumaa jioni alitikisa kichwa mara moja tu.

"Je?" Ilmari akauliza.

"Nisingejua wewe ni nani, ningeingia mtegoni."

Kwa Heimo, hizo zilikuwa sifa za mwaka mzima.

Jumamosi saa kumi na moja uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi, watu na soseji zao za haradali, wakiimba majina ya wachezaji wote isipokuwa mabeki. Vipindi viwili vya kwanza, kati ya vitatu vya mechi, Ilmari hakuutumia mtego. Niilo alipokuja, alimpa nafasi, akarudi nyuma, akamwacha apige kutoka mbali, na kipa akadaka. Chambo hakitupwi mara mbili.

Mabao yalikuwa mawili kwa mawili, zimebaki dakika sita, Niilo alipochukua kisahani katikati ya uwanja akaja peke yake.

Alikuja kama walivyokuja wote wa Julai, mabega chini, miguu mirefu. Ilmari alirudi kinyumenyume, akahesabu umbali, akaushusha mguu wa kushoto. Ukagusa barafu, mwepesi, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Niilo akakata kuelekea ubaoni, na Ilmari, kwa nguvu zote za mguu wa kulia, akaenda kushoto.

Alifika. Kwa mara ya kwanza msimu ule alifika kabla! Furaha ilimpanda kooni, furaha ya mtu aliyetafuta ufunguo siku nyingi akausikia ukizunguka kwenye kitasa. Alishusha bega. Kumgonga mwenye kisahani kwa bega kifuani ni halali katika mchezo huu, na bega lile lingemtoa Niilo kwenye mechi, lingeileta Kivisalmi kwenye mechi ya saba, lingemletea Ilmari mwaka wake.

Hapo ndipo alipoiona helmeti, utosi wake.

Niilo hakuwa akimtazama. Alikuwa ameinama, macho kwenye kisahani, kwa sababu hakuwa na haja ya kutazama. Upande ule tangu utoto wake hapakuwahi kuwa na mtu. Pale ambapo kingepaswa kuwa kifua palikuwa na kichwa, na nyuma ya kichwa, hatua moja na nusu, palikuwa na ubao. Ilmari alikuwa amewahi kuona, mara moja, mtu aliyegongwa hivyo. Yule mtu sasa anauza matairi na hawezi kukaa kwenye chumba chenye taa kali.

Kilo tisini na sita zikishaondoka hazirudi. Bega lilikuwa limeshatumwa, miguu imeshasukuma, mwili wote ulikuwa njiani. Kilichokuwa bado chake ni mdomo tu.

"Niilo! Kichwa juu!"

Ilitoka kwa sauti ya Julai, kali, ya kuamrisha, na kijana akainua kichwa papo hapo, kama wanavyoinua wote waliopita mikononi mwa Ilmari. Akaona. Akajipinda kiunoni, akapenya pembamba, na Ilmari akaupiga ubao peke yake kwa bega, vioo vikatetemeka mpaka kwenye kona. Alipopata pumzi na kupiga magoti, honi ya goli ilikuwa inalia na taa nyekundu inawaka nyuma ya kipa wake.

Dakika zilizobaki hazikuzaa kitu. Tatu kwa mbili. Msimu umekwisha.

Mfululizo wa mechi ukimalizika, timu mbili hupanga mistari na kupeana mikono, mmoja mmoja, hata waliong'oana meno. Ilmari alikuwa wa mwisho katika mstari wa kwao. Moyo ulikuwa umemvunjika, na bado, Mungu amsamehe, alikuwa anamsubiri Niilo kwa hamu ya kuuliza.

"Kocha," alisema Niilo, kwa kuwa watoto wa Julai hawakuwahi kumwita jina jingine. "Bega vipi?"

"Bega ni zima. Sikiliza, nijibu haraka. Nani alikuambia habari za mguu wangu wa kushoto?"

"Mguu gani?"

"Nauweka mapema. Kabla sijageuka. Uliujua lini?"

Niilo aliutazama mguu ule kwa makini, kiatu, soksi, kinga ya ugoko, kama mtu anayeonyeshwa kitu dukani. "Mimi sijui habari za mguu, kocha. Kweli kabisa. Nikikuona wewe mbele yangu, naenda tu kule. Miguu inakwenda yenyewe."

"Hukuwahi kujiuliza kwa nini?"

"Nilikuwa napata mkate."

Ilmari alicheka kwa sauti, katikati ya uwanja uliokuwa kimya kama msibani, na watu wa jukwaa la kwanza wakaona aibu kwa niaba yake. Niilo hakucheka. Aliendelea kuushika mkono wake.

"Ulikuwa umenipata," alisema. "Mbona ulipiga kelele?"

"Nenda, dogo, unazuia foleni."

Foleni yenyewe haikuwepo, nyuma ya Niilo kulikuwa na barafu tupu. Lakini kijana aliachia mkono, akaenda.

Baada ya mechi ya mwisho ya msimu timu nzima huingia sauna ya uwanjani, chumba cha mvuke chenye jiko la mawe ya moto, wachezaji na kocha, uchi kama walivyozaliwa, na humo mtu husema lake bila cheo. Ilmari alikaa benchi la juu, karibu na jiko. Bega lilikuwa linavimba. Kocha Tuhkala alipanda akakaa kando yake, na wengine, watu kumi na wanane, wakatazama vidole vya miguu yao.

"Ulimpigia kelele," alisema Tuhkala.

"Nilimpigia."

"Ungeweza kuchukua kisahani tu."

"Mwili ulishaondoka. Niliutuma mwenyewe, kocha. Nilitaka kumgonga."

"Kisha?"

"Kisha nikaona kichwa chake."

Tuhkala alijifuta uso kwa kiganja. "Nimekaa na swali hili tangu dakika ile, kwamba nikuongezee mwaka au nisikuongezee. Mtego ulikuwa mzuri. Sijaona beki wa umri wako akijifunza kitu kipya katikati ya wiki." Hizo zilikuwa tayari sentensi tatu, na hakuwa amemaliza. "Lakini siwezi kumweka nyuma mtu ambaye wapinzani ni watoto wake. Nusu ya ligi umewafundisha wewe. Mwakani watakuwa wengi zaidi. Utapiga kelele tena."

Ilmari alifikiri kwa uaminifu, maana hata swali linalomuumiza alitaka kulijua jibu lake.

"Nitapiga," alisema.

Iliuma. Ilimuuma kuliko kifundo, kuliko meno, na hakuficha, alilia pale pale juu, mabega yakicheza. Hakuna aliyemgusa, kwa kuwa kwao mtu anayelia huachiwa nafasi.

Huko Kivisalmi kuna desturi kwamba maji ya mwisho ya msimu humwagwa na anayeondoka. Tuhkala alichukua ndoo ya mbao kutoka miguuni, ikiwa na maji ya kutosha kata tatu, akaiweka mapajani mwa Ilmari. Ilmari alichota kata ya kwanza akaimwaga juu ya mawe, mvuke ukapanda ukiunguza masikio. Akamwaga ya pili. Kwa kawaida hapo vijana hushuka wakitukana na kukimbilia nje kwenye theluji, wakibaki wakongwe wawili watatu kushindana ubishi. Akachota ya tatu, akaikung'uta mpaka tone la mwisho, na joto likashuka kutoka darini kama blanketi la moto, likamkata kila mtu pumzi.

Alisubiri kusikia mlango. Mlango haukulia. Aligeuka, akawaona wote kumi na wanane wamekaa palepale, wameinama, wamefunika nyuso kwa viganja, ngozi zimewaiva, hata kipa, hata mchezaji mmoja mgeni wa mwaka huu asiyeweza kuvumilia sauna kabisa. Tuhkala naye alikuwa kando yake, amefumba macho. Walikaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyeshuka mpaka Ilmari alipoweka ndoo chini na kushuka yeye kwanza.